Wakili wa nani? Kumchagua atakayesimamia ununuzi au uuzaji wa nyumba yako Kenya

Tangu Aprili 2023 kuna maneno yanayozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp vya wanunuzi wa ploti na katika ofisi za madalali: eti hati miliki haina thamani tena Kenya. Chanzo chake ni uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 21 mwezi huo, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa na hati ya kiwanja kando ya ufuo wa Nyali. Ilikinunua, haikukivamia. Kaunti ikabomoa ukuta ikisema hapo ni njia ya umma ya kufikia bahari. Majaji wakakubaliana na kaunti: ardhi ile ilikuwa eneo la wazi la umma, ikagawiwa mtu binafsi bila kufuata utaratibu, na dosari hiyo ikaifuata kila hati iliyotolewa baadaye hadi kumfikia mnunuzi wa mwisho.

Oktoba mwaka huohuo matingatinga yakaingia Mavoko, Kaunti ya Machakos, kwenye ardhi iliyokuwa ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Nyumba za watu zikalala chini, na wengi wao walikuwa wamelipa pesa halali na kupewa karatasi.

Tuanze kwa kutuliza hofu. Hati bado ni ushahidi wa kwanza wa umiliki. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema hivyo, lakini kinaongeza kwamba hati inaweza kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njia ya ufisadi. Maneno hayo yamekuwepo kwa zaidi ya miaka kumi. Majaji walichofanya ni kumwambia mnunuzi bila kumung'unya: kuiangalia hati hakutoshi, chunguza ilikotoka. Na kwa kuwa mnunuzi wa kawaida hana ujuzi wa kufukua historia ya kiwanja, swali linabaki kwa mtu mmoja, naye ni wakili. Ajabu ni kwamba watu huchagua vigae vya bafuni kwa mwezi mzima, halafu wakili wanamchukua yule aliyetajwa na dalali, mchana huohuo.

Maneno manne ya kuelewa kwanza

Sachi ni taarifa rasmi kutoka rejista ya ardhi. Inakuambia ploti ni ya nani leo, ina ukubwa gani, na kama kuna rehani ya benki au kaveti, yaani zuio lililowekwa na mtu anayedai haki fulani. Mkataba wa mauzo ni makubaliano ya maandishi kati ya muuzaji na mnunuzi. Fomu ya uhamisho ndiyo inayopelekwa kusajiliwa ili jina libadilike. Na kuna ahadi ya kitaaluma, ambayo wengi hawajawahi kuisikia ingawa ndiyo hulinda pesa zao, tutaifikia.

Wakili wa mauzo ya nyumba ndiye anayeyashika yote manne. Si lazima awe maarufu mahakamani. Kusema kweli, yule unayemwona kwenye runinga akitetea wanasiasa huenda hajagusa fomu ya uhamisho kwa miaka, na faili yako itaishia mezani kwa karani wake.

Sachi ni picha ya pasipoti

Dhana ya kwanza ya kuondoa ni hii: "Tumefanya sachi, iko safi, tulipe." Sachi ni kama picha ya pasipoti. Inaonyesha sura ya mtu siku aliyopigwa, haisemi alikozaliwa wala ana madeni kwa nani. Kiwanja cha umma kilichogawiwa kinyemela miaka thelathini iliyopita kinaweza kutoa sachi safi kabisa.

Wakili anayejua kazi huomba zaidi. Kwenye rejista kuna kadi ya kijani, inayoorodhesha wamiliki wote waliopita na tarehe za kila badiliko. Hataridhika hadi aone ardhi ilianza vipi: ilikuwa shamba la mtu likagawanywa? Ilikuwa ya serikali ikagawiwa? Kama iligawiwa, barua ya mgao ilitoka lini, masharti yake yalitimizwa, ada ililipwa, ramani ya mpimaji iko wapi? Septemba 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki, kwa hiyo hana cha kumuuzia mwenzake. Bado kuna watu wanauziwa barua hizo leo, kwa bei kamili, wakiambiwa hati "inatoka wiki ijayo".

Halafu kuna mambo ambayo hata kadi ya kijani haina. Mtu aliyekaa kwenye ardhi waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe na bila kukatizwa kwa miaka 12, anaweza kuidai mahakamani. Ardhi ya ukoo iliyoandikwa jina la mtu mmoja inaweza kuwa na amana ya kimila ndani yake, yaani aliyeandikwa anaishika kwa niaba ya jamaa zake pia. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba haki hiyo humbana mwenye hati hata kama haikuandikwa popote kwenye rejista. Ndiyo maana ningemwamini zaidi wakili anayeuliza "nani anaishi pale sasa hivi?" kuliko anayeuliza "utalipa lini?"

Na kuna mke au mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Muuzaji akisema "mke wangu hana neno", wakili mzuri hujibu: basi aje atie sahihi.

Ukinunua Mombasa, ongeza swali moja ambalo wakili wa bara anaweza kulisahau. Mji wa Kale, Majengo na mitaa mingine ya zamani, kuna nyumba bila ardhi: jengo ni la huyu, udongo ulio chini yake ni wa yule, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Utaratibu huu una miaka mingi Pwani na watu wanauheshimu. Lakini anayekuuzia anaweza kusema "nauza nyumba" na akawa amesema kweli tupu, nawe ukadhani umenunua kiwanja. Wakili akuulizie mwenye ardhi ni nani, risiti za kodi zikoje, na kama anaridhia mpangaji mpya wa udongo wake. Kwa mauzo ya aina hii ningetafuta wakili aliyefanya kazi Mombasa kwa miaka, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa.

Wakili mmoja kwa pande mbili

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika, na hufanyika kwa tabasamu. Muuzaji, au kampuni ya ploti, anakuambia: "Tuna wakili wetu, atashughulikia kila kitu, wewe hutalipa hata senti." Inasikika kama ukarimu.

Fikiri wakili huyo akigundua kaveti. Analipwa na muuzaji. Muuzaji anataka mauzo yaishe kabla ya mwisho wa mwezi. Wewe hujui kaveti ni nini. Atakuambia? Wako watakaokuambia, kwa sababu wanaogopa kupoteza leseni. Lakini umejiweka mahali ambapo usalama wako unategemea ujasiri wa mtu anayelipwa na upande wa pili, na hakuna sababu ya kujiweka hapo ili uokoe ada ambayo ni sehemu ndogo ya bei.

Sheria za Kenya hazikatazi kabisa wakili mmoja kuhudumia pande mbili, na mauzo mengi ya ploti huenda hivyo. Ndugu wawili wanaohamishiana shamba la baba kwa mapatano wanaweza kumtumia mmoja bila shida. Ila wawili hao wakigombana, yeye hawezi kusimama na mmoja dhidi ya mwingine; anatakiwa ajiondoe, na kila mtu aanze upya na wakili mwingine huku pesa zimekwama. Kwa mtu usiyemjua, anayeuza kitu cha mamilioni, ajiri wako.

Wakili wa benki naye si wako. Ukinunua kwa mkopo wa nyumba, benki itamteua wakili wa kuandaa rehani na wewe ndiye utakayemlipa, kwa hiyo ni rahisi kudhani anakutazama wewe. Anaitazama benki. Kazi yake ni kuhakikisha benki inaweza kuiuza nyumba hiyo ukishindwa kulipa.

Pesa zinapita wapi

Sasa ile ahadi ya kitaaluma. Tuchukue nyumba ya Sh8 milioni huko Kisumu. Mnunuzi hataki kutoa milioni nane kabla jina halijabadilika. Muuzaji hataki kutia sahihi uhamisho na kuachilia hati kabla hajaona pesa. Wote wawili wana haki, na wangekaa hivyo hadi kiama.

Mawakili wao ndio hufungua fundo hilo. Kwa kawaida mnunuzi hutoa asilimia 10 wakati wa kutia sahihi mkataba. Pesa hiyo haifai kuingia mfukoni mwa muuzaji. Hushikwa na wakili wa muuzaji kwenye akaunti ya wateja, iliyotengwa na pesa za ofisi, na haiguswi hadi mauzo yakamilike au masharti ya mkataba yaruhusu. Kisha wakili wa mnunuzi, au wa benki inayomkopesha, anaandika barua: tukabidhini hati na nyaraka zote, sisi tunaahidi kulipa salio ndani ya siku kadhaa baada ya usajili. Barua hiyo ndiyo ahadi ya kitaaluma. Nguvu yake ni kwamba inambana wakili binafsi. Mteja wake akikimbia, wakili anaweza kupelekwa Mahakama Kuu na kuamriwa alipe yeye mwenyewe. Ndiyo maana hawaiandiki ovyo, na ndiyo maana dalali, hata awe mwaminifu vipi, hawezi kuchukua nafasi hiyo. Neno lake halimfungi mtu.

Kwa hiyo ukiambiwa utume malipo hayo ya kwanza kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi, au akaunti yenye jina la karani, simama hapo. Omba maelezo ya akaunti ya wateja ya ofisi hiyo kwa barua, kisha piga simu kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe uthibitishe.

Malipo mengine yanapaswa kuandikwa wazi tangu mwanzo, kwa sababu mabishano mengi na mawakili hutokana na watu kuchanganya ada na kodi. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 4 ya thamani mjini, asilimia 2 mashambani. Kwa nyumba yetu ya Kisumu hiyo ni Sh320,000, ikiwa mthamini wa serikali atakubali bei ya milioni nane. Akisema ina thamani zaidi, utalipa kwa hesabu yake. Muuzaji naye ana kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, kutoka asilimia 5 ya awali. Aliyenunua kwa milioni tano akauza kwa nane hutozwa kwa ile milioni tatu, baada ya kuondoa gharama zinazokubalika. Nyumba aliyoishi mwenyewe kwa miaka mitatu kabla ya kuuza husamehewa, na hapo wakili wa muuzaji anaweza kulipia ada yake mara kadhaa kwa swali moja tu alilokumbuka kuuliza.

Ada ya wakili yenyewe hufuata viwango vya kisheria ambavyo mara ya mwisho vilipandishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2014. Huongezwa ushuru wa thamani wa asilimia 16 kwa ofisi zilizosajiliwa kuutoza. Jambo ambalo wengi hawalijui: wakili haruhusiwi kutoza chini ya kiwango hicho, na Sheria ya Mawakili inaliita kosa. Anayekuja na bei ya kutupa basi ama anavunja sheria mbele yako, ama atakula kwingine. Mimi sitamani yeyote kati ya hao wawili ashike milioni zangu.

Kumpima kabla ya kumpa kazi

Anza na lililo rahisi. Kila wakili Kenya hupata cheti cha kufanya kazi kila mwaka, na Chama cha Mawakili, LSK, kina orodha ya kutafutia kwa jina kwenye tovuti yake. Angalia kama cheti ni cha mwaka huu. Usiishie kwenye jina peke yake. Mwaka 2023 nchi nzima ilizungumza kuhusu kijana aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia jina lililokaribiana na la wakili halisi kwenye mfumo huohuo. Linganisha nambari ya usajili, nenda ofisini, tazama kama mtu unayeongea naye ndiye mwenye jina hilo.

Kuna anayeuliza: nikigundua baadaye kwamba cheti cha wakili wangu kilikuwa kimeisha, uhamisho wangu ni batili? Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema hapana, nyaraka hazifi kwa sababu hiyo peke yake. Hilo linamhusu wakili wa kweli aliyechelewa kulipia cheti, halimhusu tapeli.

Kisha muulize kuhusu rejista yenyewe. Nairobi ilianza kuhamia mfumo wa dijitali wa Ardhisasa tangu Aprili 2021, na huko wakili asiye na akaunti hai atakuwa anamtuma mwenzake kila hatua. Rejista nyingi za kaunti zilibaki na makaratasi na foleni, na huko anayejua dirisha gani linafunguliwa saa ngapi ana thamani yake. "Uhamisho wa mwisho uliosajili hapa ulichukua muda gani?" ni swali la haki kabisa. Akikujibu kwa miezi na sababu zake, mwamini. Akisema wiki mbili, shuku. Mikataba mingi huweka siku 90, na hata hizo huwa hazitoshi.

Kwa shamba la kilimo, msikilize kama atataja Bodi ya Udhibiti wa Ardhi bila kuulizwa. Mauzo ya ardhi hiyo yanahitaji ridhaa ya bodi, na ombi lapasa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Muda ukipita bila ombi, mkataba unakuwa hatarini kuhesabika batili, hata kama umeshalipa na kupanda mahindi. Wale wanaotegemea karatasi iliyoandikwa mbele ya chifu na wazee wawili ndio huumia zaidi hapa. Karatasi ya chifu inaweza kuonyesha kwamba mlikubaliana, lakini haibadilishi jina kwenye rejista.

Kwa nyumba ya ghorofani, mwulize atafanya nini kuhusu hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima. Mara nyingi mjenzi ameiweka rehani benki ili apate pesa za ujenzi. Bila barua ya benki kuachilia nyumba yako, umenunua mlango wa chumba kilichomo kwenye deni la mtu mwingine. Tangu Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020, mwenye nyumba ya ghorofani anapaswa kupata hati ya kitengo chake mwenyewe, kwa hiyo wakili akikuahidi "cheti cha hisa za kampuni" pekee, dai maelezo.

Walio mbali, hasa Wakenya wanaofanya kazi Ghuba na kutuma pesa nyumbani, wana tatizo lao. Kaka ndiye anayeonana na wakili, kaka ndiye anayepokea ujumbe, na siku moja hati inatoka kwa jina la kaka. Si lazima kaka awe mwizi. Wakati mwingine ilionekana tu ni rahisi hivyo. Wakili apokee maagizo kutoka kwako wewe, kwa barua pepe yako, na barua ya kumwajiri iseme mteja ni nani. Kama ni lazima ndugu atie sahihi kwa niaba yako, toa hati ya uwakilishi inayotaja ploti hiyo kwa nambari na kazi hiyo peke yake, uitie sahihi mbele ya mthibitishaji huko uliko, isajiliwe Kenya kabla ya kutumika. Ikisema "mambo yangu yote", inampa mtu uwezo wa kuuza pia.

Na ikiwa umeshaingia, mambo yakavurugika? Una haki ya kumbadilisha wakili katikati ya safari, ingawa utamlipa kwa kazi aliyokwisha kuifanya kabla hajaachilia faili. Asiporudisha pesa zako au akinyamaza kwa miezi, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ambayo hupokea malalamiko moja kwa moja kutoka kwa wananchi na inaweza kuyafikisha mbele ya jopo la nidhamu. Peleka nakala za mkataba, risiti za benki na kila barua mliyoandikiana. Ndiyo sababu nyingine ya kukataa kulipa taslimu au kuafikiana kwa mdomo hata na wakili uliyesoma naye shule moja.